Ile Hela Itume kwenye Namba Hii

Liko neno dogo katika lugha yetu ambalo sisi walimu huwafundisha watoto wangali wadogo, tukadhani tumelimaliza. Neno lenyewe ni "ile". Twawaambia watoto ya kuwa "ile" huonyesha kitu kilicho mbali, au kitu ambacho msemaji na msikilizaji wamekwisha kukijua. Ukisema "nyumba ile" bila kunyosha kidole, maana yake mimi nawe twaijua nyumba hiyo, tumekwisha kuizungumza. Hatukujua ya kuwa neno hili litakuja kufanywa ndoana, na watu wazima wenye akili zao watavuliwa kwalo kama samaki.

Ni nani katika Tanzania mwenye simu asiyepata kuletewa maneno haya: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja Fulani"? Hayana salamu, wala jina la mwenye kuyaandika. Aliyeyaleta hakujui. Ameyaandika mara moja, kisha ameyatawanya kwa namba nyingi asizozijua, kama mpanzi atupaye mbegu gizani bila kuuliza ni shamba la nani. Nyingi huanguka kwa watu wasiodaiwa kitu, nao hucheka wakazifuta. Lakini katika watu wengi hawakosi wachache ambao asubuhi iyo hiyo walikuwa na deni: baba aliyeahidi karo, mwenye duka anayengojewa na mleta sukari, kijana aliyepatana bei ya mbuzi akasema atalipa kesho. Kwa hao "ile" si uongo. Ile fedha ipo, na mwenye kuingoja yupo. Basi moyo wa mtu huyo humaliza mwenyewe kazi ambayo laghai hakuifanya. Humpa yule mgeni jina, humpa sura, humpa na sauti ya ndugu yake.

Huku kwetu mlimani, mwezi wa Januari, jirani yetu mmoja, seremala, mtu wa kiasi asiyependa maneno mengi, alikuwa akijiandaa kumpeleka bintiye shule ya mbali. Jana yake shemeji yake aliyeko mjini alikuwa amemwambia ya kuwa atampa namba ya kulipia nauli na godoro. Asubuhi maneno yakaja. Yalisema "ile hela", yalisema namba, yalisema na jina litakalotokea. Seremala alipobonyeza, jina lilitokea lile lile, herufi kwa herufi. Akatuma shilingi 185,000. Jioni shemeji akapiga simu kuuliza mbona kimya.

Yule bwana hakumwambia mtu yeyote kwa muda wa majuma matatu. Alikopa akampeleka mtoto, akanyamaza. Alipotueleza hatimaye alisema, "Mwalimu, hasara naweza kuibeba. Niliyoshindwa kuibeba ni aibu."

Habari ilipojulikana, wazee waliizungumza barazani, nasi tulikuwapo. Mmoja alisema ya kuwa huo ni ujinga, na mjinga ndiye aliwaye. Mwingine, mzee wa kanisa, alisema kwa huzuni ya kwamba sasa zamani zimefika ambazo mtu hafai kumwamini hata ndugu wa tumbo moja. Kila atakayeomba na anyimwe. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa akichambua maharage akauliza bila kuinua uso: "Na yule ambaye kweli ana shida, tumwambieje?" Baraza likanyamaza kidogo, kisha likaendelea na habari ya mvua. Lakini sisi swali lile tulirudi nalo nyumbani. Tumefundishwa, na sisi wenyewe twafundisha, kumpenda jirani na kuitika anapoita. Je, kumshuku aitaye ni kuvunja upendo? Na kama si hivyo, tofauti iko wapi kati ya mtu mwangalifu na mtu aliyeufunga moyo wake?

Kwanza na tuondoe dhana moja, nayo ni ile ya kwamba kila aliyeibiwa kwa simu ameponzwa na tamaa. Ni kweli wako waliovutwa na tamaa. Yako maneno yaletwayo usiku yakimwalika mtu ajiunge na Freemason apate utajiri. Yako mengine yasemayo umeshinda zawadi katika mchezo ambao hukuucheza. Mtu aliyeingia katika mambo hayo twamhurumia, ila hatuna mengi ya kumwambia ambayo hayajui. Wengine huponzwa na wema wao. Hebu fikirini ulaghai huu: simu yako yaleta habari ya kuwa umepokea shilingi 70,000, imeandikwa kwa namna ile ile ya kampuni. Punde mtu anapiga, sauti yake yatetemeka. Asema amekosea tarakimu moja, fedha ni ya mgonjwa aliye hospitalini, tafadhali umrudishie. Mtu mwenye tamaa angezima simu akanyamaza na fedha ya watu. Ni mtu mwaminifu arudishaye, naye arudisha kutoka katika mfuko wake mwenyewe, kwa kuwa ile habari ya kwanza ilikuwa ya uongo na salio lake halikuongezeka hata senti moja. Hapo uaminifu umefanywa mtego. Hatuna neno jingine la kuuita ulaghai huu ila uovu mkubwa, maana humfundisha mtu mwema kujuta kwa ajili ya wema wake.

Na dawa yake si kuacha uaminifu. Ni kuangalia salio kabla ya kuangalia maneno. Kama fedha ya mtu imekuja kweli kwa makosa, aliyekosea aweza kuiendea kampuni yake ya simu kuomba irudishwe, nawe utakuwa umefanya haki kwa kutoigusa. Mwenye haki hapotezi kitu kwa kupita njia hiyo. Mwongo tu ndiye atakayeikataa, atasema hakuna wakati, mgonjwa anakufa.

Sasa na tulirudie lile jina lililotokea katika simu ya seremala, maana ndilo kiini cha maneno yetu. Fedha ya simu ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikaanza hapa Tanzania, na kadiri watu walivyoizoea ndivyo wezi nao walivyoizoea. Serikali ikaamuru laini zisajiliwe kwa alama ya kidole na kitambulisho cha Taifa. Kazi hiyo ilianza tarehe 1 Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Shauri lilikuwa jema: kila namba iwe na mtu, na kila mtu awe na uso, ili mwizi asipate pa kujificha. Mwizi akafikiri naye. Akaona ya kuwa kama laini haipatikani bila kidole, hapana budi kuazima vidole vya watu.

Vidole hivyo huazimwa kwa watu kama sisi. Kijana aja gulioni na mwavuli na kijimashine, asema laini ni za bure leo. Mzee akaa, atoa kitambulisho, aweka kidole. "Hakijashika, babu, weka tena." Mzee aweka tena. "Mikono ya kulima hii, babu, hebu futa jasho, weka tena." Mara ya kwanza kilikwisha kushika. Mara ya pili na ya tatu zilisajili laini nyingine kwa jina la mzee yule yule, nazo zikaondoka na kijana jioni. (Hatusemi kila kijana mwenye mwavuli ni mwizi, wengi wao ni watoto wetu, na tumewafundisha wenyewe kuhesabu.) Kwa hiyo yule Fulani aliyetokea katika simu ya seremala si jina la kubuniwa. Yamkini ni mtu wa kweli, labda bibi wa kijiji fulani, hajapata kumwibia mtu hata kuku, naye siku ile alikuwa shambani akipalilia.

Laghai amewaibia wawili. Mmoja amemwibia fedha, mwingine jina, na bila jina la huyu asingeipata fedha ya yule. Seremala aliamini kwa sababu aliona jina la mtu. Hapo ndipo tulipoanza kuona jibu la swali la barazani. Tulikuwa tukidhani kujilinda ni jambo la mtu na mali yake, jambo la ubinafsi kidogo, kama kufunga mlango mgeni akiwa nje. Kumbe jina langu likiibiwa si mimi nitakayelipa kwanza. Atalipa mtu nisiyemjua, aliyeliamini. Nikitoa kidole changu ovyo, nimempa mwizi ufunguo wa nyumba ya mwenzangu.

Wasomaji wetu waijua habari ya Isaka katika uzee wake, macho yamekwisha kupofuka, mwanawe mdogo akamjia kwa jina la mkubwa. Watu hudhani Isaka alidanganyika kwa sababu hakuangalia. Sivyo. Isaka aliuliza, akapapasa, akanusa nguo. Sauti ilimtia shaka, na shaka yake ilikuwa ya haki. Kosa lake lilikuwa moja tu: alipima kwa vipimo ambavyo mdanganyifu amekwisha kuviandaa. Ngozi ya mwana-mbuzi ilikuwa imekwisha kufungwa mikononi kabla ya mzee kuomba mkono. Hakumtuma mtumishi nje kwenda kutazama kama Esau amerudi kutoka mawindoni. Vivyo hivyo "jina litakuja Fulani" ni ngozi ya mbuzi iliyofungwa tayari. Jina likija kama lilivyotangulizwa, moyo watulia, wasema, "Ni yeye." Ni yeye nani? Tumepapasa pale pale mwizi alipotaka tupapase.

Basi shaka peke yake haitoshi. Isaka alikuwa nayo. Kinachotakiwa ni kupita njia nyingine, njia ambayo aliyeleta maneno hakuichagua. Kama shemeji ameandika, mpigie shemeji kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si kwa hiyo iliyoandika. Kama asemaye ni wa kampuni ya simu, kata, kisha wewe piga 100. Kampuni zetu humpigia mteja kwa namba hiyo tu, na anayekupigia kwa namba ya kawaida akisema ni wa kampuni hatoki huko. Kama ni mwalimu wa shule anayesema mtoto ameanguka na fedha yatakiwa sasa hivi, ipigie shule. Twajua jambo hili la mwisho ni gumu. Mzazi aliyeambiwa mtoto ameanguka hana nafasi ya kufikiri, na ndiyo sababu maneno hayo huchaguliwa.

Hapo zamani wazee wa huku kwetu walipomtuma mtoto kwenda kuchukua kitu kwa jirani, walimpa neno la kutambulikana, au fimbo, au kitambaa. Jirani aliuliza, "Alama iko wapi?" Mtoto akaitoa, akapewa. Hapana aliyeona ametukanwa. Hapana aliyesema jirani amekosa upendo. Kuuliza alama kulikuwa ni heshima kwa aliyemtuma, kwa kuwa maana yake ilikuwa, "Mali ya mwenzangu siitoi kwa kila apitaye akitaja jina lake." Sisi tumeiacha desturi hiyo tulipopata simu, tukidhani sauti yatosha.

Nayo sauti haitoshi tena. Siku hizi mitambo yaweza kujifunza sauti ya mtu kutokana na maneno yake machache yaliyorekodiwa, kisha ikasema kwa sauti hiyo maneno ambayo mwenyewe hakuyasema. Hata uso waigwa. Mwaka 2024 ilijulikana ya kuwa huko Hong Kong mfanyakazi wa kampuni kubwa ya wahandisi aliingia katika mkutano wa video, akawaona na kuwasikia wakubwa wake wakimwagiza atume fedha. Akatuma kiasi cha dola za Hong Kong milioni 200. Wenzake wote waliokuwa mkutanoni walikuwa ni sanamu za mitambo. Mtu wa kweli alikuwa yeye peke yake. Naye mwanzoni alikuwa na shaka, kama Isaka, ila nyuso zikamridhisha. Hatuisimulii habari hii kuwatia watu hofu ya vitu vya mbali. Twaisimulia kwa sababu mtu wa Hong Kong mwenye elimu yake, ofisini mwake, alikosa kitu kile kile alichokosa seremala wetu, yaani kutoka nje ya mlango aliofunguliwa na mwizi na kuuliza mahali pengine. Kwa watu wa nyumba moja, twaona ni vema wakapatana neno la siri, neno dogo lisiloandikwa katika simu, ambalo mwenye shida ya kweli atalisema.

Juu ya vitu vya kulindwa hatutasema mengi, maana vimekwisha kusemwa. Namba ya siri ya fedha haitajwi kwa mtu, awe wakala, awe mjukuu mpendwa. Twajua wazee wengi huwapa wajukuu kwa sababu ya macho. Basi heri mjukuu asome jina na kiasi, na mzee abonyeze tarakimu zake mwenyewe, hata akichukua robo saa. Nakala ya kitambulisho isiachwe dukani kama karatasi ya kufungia maandazi. Na zile tarakimu sita ambazo WhatsApp huleta kwa maandishi ya simu, mtu asizisome kwa yeyote anayeziomba. Mwalimu mwenzetu mmoja alizisoma kwa mtu aliyejitia kuwa rafiki wa zamani. Katika saa moja rafiki zake wote walikuwa wakiombwa mkopo kwa jina lake na kwa picha yake ya siku ya harusi. Wanne walitoa. Walitoa kwa kuwa wanampenda. Yeye mpaka leo anawalipa kidogo kidogo, ingawa hakuna sheria imlazimishayo. Tulipomwuliza kwa nini, alisema, "Walilipa jina langu." Hatujui kama ni wajibu wake. Tumebishana naye sana, na katika jambo hili wenye busara waweza kutofautiana.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huhesabu kujifanya mtu mwingine kwa njia ya mitambo kuwa ni kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humzuia aliyepewa habari zako kuzitumia kwa jambo jingine. Lakini sheria haina masikio isipoambiwa. Namba iliyoleta ulaghai hupelekwa kwa maandishi kwenye 15040 ili ifungiwe. Kwa nini wengi hawapeleki? Kwa sababu ya ile aibu ya seremala. Aliyeibiwa ng'ombe hupiga yowe, kijiji kizima kikatoka na mikuki. Aliyeibiwa kwa simu huingia ndani akafunga mlango, nasi ndio tuliomfundisha kufanya hivyo siku tulipokaa barazani tukasema mjinga ndiye aliwaye. Maneno yale yalimsaidia mwizi kuliko seremala. Majuma matatu ya kimya yalikuwa majuma matatu ambayo namba ile iliendelea kufanya kazi, na hatujui ilipita katika nyumba ngapi.

Baada ya kusikia hayo, yule bibi wa maharage alituomba tumsaidie kutazama jina lake. Kutazama si kazi kubwa: mtu hubonyeza *106# katika simu yake, afuata maelekezo, na kwa namba ya kitambulisho chake aonyeshwa laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Bibi ana simu moja, ndogo, ya vibonyezo, imefungwa kwa mpira. Zikatoka namba nne. Tulizisoma mara mbili. Alikumbuka gulio, mwavuli, na kijana mwenye adabu aliyemsaidia kufuta mkono.

Kesho yake tulikwenda naye mjini kwa gari la asubuhi, dukani kwa watu wa simu. Aliweka kidole, akazikana zile tatu, zikafutwa. Kazi ilichukua muda mfupi kuliko safari. Karani alimwambia ya kuwa mambo yamekwisha, aweza kwenda nyumbani kwa amani. Bibi hakuinuka. Alikuwa ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili akikitazama.

"Mwanangu," alimwambia karani, "hao walioliona jina langu wakatuma fedha zao, nani atawaambia kuwa sikuwa mimi?"

Karani alitutazama sisi, nasi tukatazama chini.